Nataka kuacha trekta kwenye ekari zote sita: hesabu itatoka?

BARUA

Wataalamu wa safu hii, kamwene.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nalima Ifunda, Iringa Vijijini. Tuna ekari sita za udongo mwekundu. Kila mwaka ni mahindi, katikati tunachomeka maharage kidogo. Miaka ya nyuma ekari ilitoa gunia 18 hadi 20, sasa hivi nikipata 14 nashukuru. Nimeandika matumizi ya ekari moja msimu uliopita: trekta kulima 60,000, haro ya kuvunja madongoa 40,000, mbegu ya UH 6303 kilo kumi 80,000, vibarua wa kupanda 25,000, mbolea ya kupandia ya DAP fuko moja 75,000, urea fuko moja 65,000, palizi mbili 90,000, dawa ya viwavijeshi 20,000, kuvuna, kupukuchua na kubeba 70,000. Jumla 525,000. Mahindi niliuza 50,000 kwa gunia la kilo mia kwa sababu ya ada za shule, sikuweza kusubiri bei ipande. Kwa hiyo ekari imeniachia 175,000, na hapo sijahesabu jasho langu wala la baba watoto.

Mwezi uliopita palikuwa na semina ya kilimo rejeshi kijijini. Tuliambiwa tuache kulima kwa plau, tuache mabua shambani, tupande fiwi, ile jamii ya maharage inayotambaa, katikati ya mahindi, na kwamba mbolea ya dukani haitahitajika tena. Nimevutiwa sana. Nataka kugeuza ekari zote sita msimu huu, nisinunue mbolea kabisa, na nikope 600,000 kwenye kikundi chetu kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi ili nilipe ripa, lile jino linalopasua mistari ya kupandia bila kugeuza udongo, na mbegu za fiwi. Baba watoto anasema shamba lisilolimwa ni la mvivu, na kwamba ng'ombe wa jirani watamaliza mabua kabla ya Septemba. Pia kuna kijana anapita na mkataba wa hewa ukaa wa miaka mingi, anasema tutalipwa kwa kutolima.

Naomba hesabu, si hamasa. Je, inalipa? Lini?

Mama wa watatu, Ifunda

JIBU

Mama, kamwene. Umetuandikia matumizi yako kipengele kwa kipengele, na hiyo imetupunguzia kazi nusu. Jibu la haraka: inalipa, lakini si mwaka wa kwanza, na si kwa mpango ulioueleza. Geuza ekari moja. Mbolea usiiache. Mkopo usiuchukue.

Tuanze na mbolea kwa sababu hapo ndipo semina nyingi zinapowaumiza watu. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na takribani kilo 15 za naitrojeni. Gunia zako 14 kwa hiyo zinabeba kama kilo 21. Mabua yakiliwa na ng'ombe wa jirani, kilo nyingine kama 10 zinaondoka, pamoja na sehemu kubwa ya potasiamu, kwa kuwa potasiamu ya mahindi hukaa zaidi kwenye bua kuliko kwenye punje. Wewe unaleta nini? Fuko la DAP lina kilo 9 za naitrojeni, fuko la urea lina 23. Jumla 32, na si zote zinazoufikia mmea, maana nyingine hupotea hewani na nyingine huzama na mvua. Shamba lako kwa maana hiyo linaishi kwa kula akiba, ndiyo sababu gunia 20 zimekuwa 14. Ukiacha mbolea leo, fiwi haijaota, mabua hayajaoza, hakuna kitakachoziba pengo hilo.

Tena kuna jambo ambalo semina haikukuambia. Bua la mahindi lina kaboni nyingi mno na naitrojeni kidogo. Vijidudu vinavyoliozesha hukopa naitrojeni kutoka kwenye udongo, na huirudisha baadaye sana. Msimu wa kwanza na wa pili mahindi yaliyopandwa kwenye matandazo ya mabua huwa na njaa kuliko ya jirani aliyelima. Utaiona yakiwa na wiki tatu au nne: jani la chini linaanza kuwa njano kwenye ncha, njano inaingia ndani ikifuata mshipa wa katikati na kuchora umbo la V, huku kingo zikibaki kijani kwa muda. Dawa yake ni kuongeza nusu fuko la urea kwa ekari, si kupunguza. Gawa urea mara mbili: nusu wiki ya tatu, nusu wiki ya sita au ya saba. Na usiimwage juu ya mabua. Ikikaa juu ya matandazo yenye unyevu na jua likapiga, sehemu kubwa inapaa kama gesi. Toboa kishimo cha sentimita tano pembeni ya shina, weka, fukia.

Sasa pesa. Tumechukua bei zako zilezile, na pale ambapo hukutaja bei tumekadiria. Ukipata bei halisi za kwenu, badilisha.

Mwaka wa kwanza kwenye ekari moja unaondoa trekta na haro, yaani unaokoa 100,000. Unaongeza ripa ya maksai 35,000. Palizi ya tatu 45,000, maana plau ndiyo iliyokuwa palizi yako ya kwanza na sasa haipo. Nusu fuko la urea 32,500. Kilo nane za mbegu ya fiwi kwa 3,000 kila kilo, 24,000. Kupanda fiwi 10,000. Miiba na mtu wa kuzuia mifugo 20,000. Nyongeza ni 166,500. Toa ulichookoa, gharama yako inapanda kwa 66,500 na kufika 591,500. Mavuno yakibaki gunia 14, unabakiwa na 108,500 badala ya 175,000. Yakishuka gunia mbili, jambo linaloweza kutokea kwa mtu anayejifunza, unabakiwa na 8,500. Hiyo haitoshi hata daftari.

Zidisha hiyo hali mbaya kwa ekari sita: 399,000 za gharama ya ziada na gunia 12 pungufu zenye thamani ya 600,000. Karibu milioni moja imepungua mwaka mmoja, na ada bado zinakusubiri. Kwenye ekari moja hasara hiyohiyo ni 166,500, na ekari tano nyingine zinaibeba.

Riba nayo tuimalize hapa. 600,000 kwa asilimia 5 ya mwezi, kwa miezi minane toka maandalizi mpaka kuuza, ni 240,000. Hiyo ni 40,000 kwa kila ekari kabla hujavuna debe moja. Hakuna faida ya udongo inayokua kwa kasi hiyo.

Mwaka wa tatu picha inageuka ukiwa umefanya kazi vizuri. Ripa 35,000, mbegu 80,000, kupanda 25,000, DAP 75,000, urea fuko moja 65,000, palizi zimerudi mbili 90,000, dawa 20,000, kuvuna 70,000, kupanda fiwi kwa mbegu yako mwenyewe 10,000, ulinzi wa mabua 20,000. Jumla 490,000. Ukipata gunia 16 kwa bei ileile unabakiwa na 310,000, na fiwi utakayovuna haimo humo. Angalia lakini faida inakotoka: kwenye gharama umeokoa 35,000 tu, gunia mbili za ziada zimeleta 100,000. Anayekuambia kilimo hiki faida yake ni kuokoa pesa ya trekta amekuonyesha sehemu ndogo. Bila mavuno kupanda, ni kazi nyingi kwa faida kiduchu.

Na mavuno yanapanda kwa sababu gani? Kwa upande wenu sababu ya kwanza ni tarehe. Anayesubiri trekta husubiri mvua ilainishe udongo, kisha husubiri foleni, na mara nyingi hupanda wiki mbili nyuma. Mistari ya ripa ukiwa nayo tayari, unapanda mvua ya kwanza ya kueleweka inapodondoka. Sababu ya pili ni unyevu: mabua yakifunika ardhi, yale majua ya Januari au Februari, mahindi yanapotoa mbelewele, hayaleti maafa yaleyale. Lakini hapa pia kuna upande wa pili. Penye bonde linalotuama maji, au kwenye baridi kali kama juu kule Mufindi, matandazo mazito huufanya udongo uwe baridi na wenye maji kupita kiasi, mahindi yanadumaa. Chagua ekari iliyo kwenye mteremko mdogo, isiyotuamisha maji.

Kabla ya kulipa mtu wa ripa, ng'oa mashina kumi ya mahindi yaliyobaki shambani, sehemu mbalimbali, kwa jembe na taratibu. Tazama mizizi. Kama imeshuka moja kwa moja, huna tabaka gumu, na mistari yenye kina cha sentimita 15 inatosha. Kama imeshuka kiasi cha kiganja kisha ikakunja ubavu, plau na haro zimekanyaga sakafu chini yake. Hapo ripa lazima ivunje sakafu hiyo, sentimita 20 au zaidi, la sivyo umelipa kukwaruza. Maksai wataweza kwa kupita mara mbili kwenye mstari uleule. Wakati wa kufanya hivyo ni mara baada ya kuvuna, udongo ukiwa bado na unyevunyevu kidogo. Ukingoja Oktoba, udongo mwekundu umekuwa tofali, maksai wamekonda kwa ukame, na jino la ripa linapanda juu. Mistari iachane sentimita 75, na mwaka ujao pita palepale. Ndiyo maana ya kutochimbachimba shamba zima.

Chokaa iwe kabla ya yote hayo. Udongo mwekundu wenye mvua nyingi huelekea kuwa na tindikali, na penye pH (kipimo cha tindikali) chini ya 5.5 fosforasi ya DAP yako inafungwa, fiwi na maharage hayatengenezi vizuri vinundu vya mizizini vinavyonasa naitrojeni. Peleka sampuli ya udongo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA): chota sehemu 15 kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, chukua nusu kilo. Wakikuambia uweke chokaa, kiasi kitakuwa mamia ya kilo kwa ekari, si mfuko mmoja. Chokaa husafiri polepole mno ardhini. Ukiimwaga juu ya shamba lisilolimwa itabaki juu miaka. Kwa hiyo ukihitaji chokaa, lima kwa trekta mara hii ya mwisho, ichanganye na udongo, ndipo uache plau msimu unaofuata. Ni kuchelewa mwaka mmoja, na ni afadhali. Usiiweke pamoja na urea wala samadi. Ziachanishe kwa wiki kadhaa.

Mabua. Baba watoto ana haki: kijijini kwenu, kama sehemu kubwa ya nyanda hizi, mahindi yakishavunwa shamba ni la wote. Unahitaji kama tani moja ya masalia kwa ekari siku ya kupanda ili angalau asilimia 30 ya ardhi iwe imefunikwa. Kupima, chukua kamba ya mita kumi, ifunge fundo kila sentimita kumi, itandaze kwa mshazari, hesabu mafundo yaliyo juu ya bua au jani. Thelathini kwa mia ndiyo mpaka. Chini ya hapo huna matandazo, una uchafu shambani. Gunia zako 14 zimeacha tani moja na nusu hivi, kwa hiyo kuna ziada, na ziada hiyo ndiyo mtaji wako wa mazungumzo. Mwendee jirani kabla ya mavuno, si ng'ombe wakishaingia. Mwachie mabua ya ekari tano zote, achunge atakavyo, na kwa malipo akuletee mikokoteni minne ya samadi iliyooza kwenye ile ekari moja, na asiikanyage. Makubaliano hayo yaandikwe kwa mtendaji wa kijiji mbele ya mashahidi. Ekari moja inalindika. Ekari sita zingekugombanisha na nusu ya kijiji. Moto ni hatari nyingine: safisha mkanda wa mita tatu kuzunguka ekari hiyo kabla watu hawajaanza kuchoma mashamba.

Magugu ndiyo yanayowarudisha wengi kwenye plau. Kama ekari yako ina sangari au ndago, palizi ya jembe la mkono itaikatakata na kuizidisha. Wapo wanaosema kilimo rejeshi na dawa ya magugu haviendani. Sisi tunaona kupiga mara moja mwanzoni, kabla ya kupanda, ni nafuu kuliko kushindwa na sangari mwaka wa pili na kurudi kulima. Ukipiga dawa ya glaifoseti, magugu yawe mabichi na yanakua, siyo yamekauka kiangazi. Maji yawe maangavu, maana maji ya tope huiua dawa ndani ya bomba. Kipimo kiwe cha kwenye lebo. Vaa glavu, viatu vya mpira na barakoa. Kama shamba lina magugu ya mwaka mmoja tu, jembe linatosha, ila palilia mapema, magugu yakiwa na majani mawili matatu, na usiruhusu hata moja litoe mbegu, hata baada ya mahindi kukomaa. Ukifanya hivyo misimu miwili, palizi ya tatu inajifuta yenyewe.

Fiwi panda wiki ya nne hadi ya sita baada ya mahindi, mstari mmoja katikati ya mistari, mbegu mbili kila sentimita 40. Ukiwahi, itapanda juu ya mahindi. Mukuna, mmea mwingine wa jamii ya kunde unaotambaa, inafunika ardhi vizuri zaidi, lakini inaangusha mahindi ikipandwa mapema, na mbegu zake si chakula cha kupika hivihivi, kwa hiyo kwa mtu anayehesabu shilingi kama wewe fiwi ni bora: majani ni mboga, punje zinaliwa na kuuzwa. Mwaka wa kwanza usiiingize kwenye mapato. Mwaka wa pili ekari hiyo usiirudishie mahindi. Weka maharage, Uyole Njano kwa mfano, au soya. Msimu wa maharage huna njaa ya naitrojeni ya kuhangaika nayo, na mabua ya mwaka wa kwanza yanaendelea kuoza. Ndiyo maana hesabu yetu iliruka kutoka mwaka wa kwanza kwenda wa tatu.

Usitarajie bei maalumu. Mahindi ya kilimo rejeshi, gulioni Ifunda au kwa mnunuzi wa Makambako, ni mahindi tu. Bei ya kilimo hai inahitaji cheti na mnunuzi anayekitambua, na soko la Ulaya hudai miaka miwili ya mpito kabla ya kupanda zao la msimu ndipo uuze kama hai. Pesa yako ya haraka zaidi iko kwenye kuhifadhi: gunia zile zile zikikaa kwenye mifuko isiyopitisha hewa mpaka Januari mara nyingi huuzwa vizuri kuliko Julai. Ukiweza kutenga gunia kumi tu zisiguswe na ada, utaona.

Yule kijana wa hewa ukaa usimfukuze, mwulize. Biashara hiyo ina kanuni za serikali za mwaka 2022, na kuna Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni pale SUA, Morogoro. Akuonyeshe usajili wa mradi. Kisha hesabu: tani moja ya hewa ukaa kwa hekta kwa mwaka ni kiwango kizuri kwa udongo wa shamba, nayo kwa ekari ni tani 0.4. Zidisha kwa bei anayokutajia, toa fungu la kampuni na gharama ya vipimo. Usitie saini mkataba unaokuzuia kuuza au kurithisha ardhi, wala usiokuambia nani anadaiwa ukilazimika kulima tena. Kwenye bajeti ya shamba andika sifuri.

Kuhusu baba watoto, mpe mizani. Wakati wa kuvuna pima mraba wa mita kumi kwa kumi kwenye ekari mpya, na mwingine kwenye ekari ya trekta iliyo jirani yake, udongo uleule, mbegu ileile. Pukuchua kila mraba peke yake, kausha, pima, zidisha kwa 40 upate kilo za ekari. Kilo 35 ni gunia zako 14. Gharama ya ziada ya mwaka wa kwanza, 66,500, ni kilo 133 za mahindi kwa ekari, yaani kilo 3.3 kwenye mraba. Mraba wa ekari mpya ukifika kilo 38 na kitu, imejilipa mwaka uleule. Ukifika 35, umelipa ada ya kujifunza. Ukishuka chini ya 30, tuandikie, na utuambie jani la chini lilianza kugeuka njano wiki ya ngapi.